Neno la Wiki: Wakala

Wakala ni mtu aliyepewa ruhusa ya kutenda kwa niaba ya mwingine. Neno lina asili ya Kiarabu, shina moja na wakili, na tangu huduma ya pesa kwa simu ya M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 limeenea hadi vibanda vya mitaani. Sasa linatumika pia kwa programu inayotumwa kazi ikaitekeleza yenyewe.

Je, asiyejua kuandika programu anaweza kuunda wakala huyo? Mwaka 1994 David Canfield Smith, Allen Cypher na Jim Spohrer wa Apple walieleza programu ya KidSim, iliyomwezesha mtoto kufanya hivyo. Mtoto alionyesha hali mbili: kwanza kiumbe yuko kando ya mraba mtupu, kisha ameingia ndani yake. Kutokana na hali hizo, kompyuta ikapata kanuni ya kumsogeza kiumbe.

Leo tunamwagiza wakala kwa maneno ya kawaida. Hapo maana ya awali inatufaa sana: wakala hutenda ndani ya mipaka, na dhamana hubaki kwa aliyemtuma. Kwa mfano, anayemfundisha mwenye duka kutumia wakala wa aina hii amfundishe kwanza kutaja mipaka hiyo: afanye nini, asiguse nini, na lini arudi kuuliza.