Hiyo biashara ni ya faida. Swali ni faida ya nani

Wasee wa Kitui na Makueni, kuuza vitu mkono kwa mkono hatukufunzwa na mtu wa suti kwenye ukumbi wa hoteli. Karne ya 19 misafara ya Wakamba ilikuwa inabeba pembe za ndovu hadi Mombasa na kurudi na vitambaa na shanga. Kivui wa Kitui, mwenye alimpokea mmisionari Krapf mwaka 1849, alipata jina kubwa kwa hiyo kazi. Na hesabu yake ilikuwa rahisi: mnunuzi wa Pwani alitaka pembe, akalipa, akaenda zake. Hakuambiwa ajiunge na msafara alete watu wawili.

Shika hapo.

Mwaka 1979 huko Marekani, Amway iliponea kuitwa piramidi, ingawa iliamriwa iache kutia chumvi mapato ya wauzaji. Iliokolewa na masharti yake: uza asilimia 70 ya bidhaa kabla ya kuagiza zingine, uwe na wateja 10 kwa mwezi, na zikikwama kampuni izinunue tena. Kwa kifupi, lazima kuwe na mteja.

Kwetu, piramidi za miaka ya 2006 na 2007 hazikuwa na mteja. Jopo la serikali chini ya Francis Nyenze, mtu wa Kitui mwenyewe, lilitoa hesabu mwaka 2009: piramidi 270, watu zaidi ya 148,000, zaidi ya shilingi bilioni 8 zimeenda.

Siku hizi kuna sabuni na vidonge mbele, so inaonekana safi. Auntie yako Wote ananunua katoni kila mwezi ndio asipoteze cheo, zinajaa chini ya kitanda, lakini anaitwa mkurugenzi. Akilalamika anaambiwa hana imani.

Hasara peke yake si ushahidi. Hata kibanda cha mboga huanza na hasara. Lakini mama mboga sukuma ikioza anapunguza oda kesho. Huyu anaambiwa aongeze.

Kwa hivyo chukua daftari. Andika pesa yote imetoka, nauli na semina ndani. Halafu andika pesa imetoka kwa watu wenye walinunua kutumia tu, bila kujiunga. Kama huo upande wa pili uko tupu, faida iko, lakini wewe ndiye mteja.