Bao la Mwambani na Uwanja wa Shule: Michezo ya Watoto Nakuru

Kwenye miamba ya Hyrax Hill, karibu na mji wa Nakuru, pana safu za vishimo vya bao vilivyochongwa zamani. Mary Leakey alichimbua eneo hilo mwaka 1937 na 1938. Bao, ambalo Wakikuyu huliita giuthi na Wakalenjin kechuiek, lataka mkono, hesabu na zamu. Asiyeona hupapasa vishimo na kuhesabu kete kwa vidole; kiziwi hapitwi na lolote; asiyetembea huketi sawa na mpinzani wake.

Shule zilikuja na utaratibu mwingine. Elimu maalumu nchini Kenya ilijengwa kwa kutenganisha: Jeshi la Wokovu lilifungua shule ya wasioona Thika mwaka 1946, na Nakuru nayo ikapata Shule ya Viziwi ya Ngala. Shule hizo ziliwapa watoto elimu ambayo wengi wao wasingeipata kwingine, na viziwi wakapata wenzao wa kuzungumza nao kwa ishara. Hasara ilionekana likizoni, mtoto wa bweni aliporudi mtaani akiwa mgeni. Katika shule za kawaida, mwenye ulemavu aliishia kulinda sweta za wachezaji, kazi iliyohesabiwa kuwa huruma.

Mwaka 1990 Kenya iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto, unaotambua haki ya kucheza. Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ulioridhiwa mwaka 2008, ukataka watoto wenye ulemavu washiriki michezo sawa na wengine, shuleni pia. Lakini ni kanuni za mchezo zinazoamua nani aingie, na kanuni hupangwa na watoto wenyewe. Katika mchezo wa kati, wawili hurusha mpira na wa katikati hukwepa. Aliye kwenye kiti cha magurudumu hurusha vizuri tu. Zamu yake ya kukwepa ikifika, warushaji husogea nyuma. Kwa asiyeona, mpira hutiwa njuga. Kwa kiziwi, mwamuzi hupunga kitambaa badala ya filimbi. Katika kubishana kuhusu nani ameguswa, wenzake huokota ishara upesi kuliko darasani.

Kikwazo kigumu zaidi ni ardhi. Udongo wa Nakuru umetokana na majivu ya volkeno, ni mwepesi na wa vumbi, na magurudumu madogo ya mbele ya kiti huzama. Njia iliyoshindiliwa murami toka darasani hadi uwanjani huondoa haja ya kusukumwa.