Kiingilio cha Mechi za Kombe na Mgomo wa Mashabiki

Nchini Ujerumani, ambako mashabiki wengi hutazama kandanda wakiwa wamesimama katika majukwaa yasiyo na viti, bei ya tiketi ya kusimama imehesabiwa kwa muda mrefu kuwa kipimo cha iwapo mchezo huo bado ni wa mtu wa kipato cha chini. Kwa sababu hiyo, mashabiki wa Borussia Dortmund walipotakiwa mwaka 2010 kulipa zaidi ya euro 20 kusimama katika uwanja wa watani wao wa jadi, Schalke, wengi waligoma, na mgomo huo ukazaa kampeni ya Kein Zwanni, jina la Kijerumani cha mitaani linaloikataa noti ya euro 20.

Tarehe 9 Februari 2016, katika robo fainali ya Kombe la Ujerumani mjini Stuttgart, ambako kiti cha shabiki mgeni kiliweza kugharimu euro 70, wafuasi wa Dortmund waliingia jukwaani mchezo ukiwa umeshaanza, kisha wakarusha mipira ya tenisi hadi mechi ikasimama kwa muda na nyasi zikasafishwa. Silaha hiyo haikuokotwa tu: kwa Kijerumani, "tenisi kubwa" ni msemo wa kusifia jambo la hali ya juu, nao hapa ukageuzwa kejeli.

Siku tatu kabla, nchini Uingereza, maelfu ya mashabiki wa Liverpool walikuwa wametoka uwanja wao wa Anfield dakika ya 77 kupinga tiketi ya pauni 77, na wamiliki wa klabu wakarudi nyuma. Hata hivyo, ukomo wa bei ya tiketi wa pauni 30 kwa mashabiki wageni, uliopitishwa Machi mwaka huohuo, ulihusu Ligi Kuu ya Uingereza, si Kombe la FA, ambalo mapato yake ya mlangoni hugawanywa baina ya klabu zinazokutana.