Kaburi Ndani ya Ramsa: Kifo cha Babu katika Only Fools and Horses

Ramsa za televisheni ya Uingereza aghalabu zimehakikiwa ama kama burudani tupu ama kama hati za siasa za wakati wake. Only Fools and Horses ya John Sullivan, iliyoanza kuonyeshwa na BBC mwezi Septemba 1981, imepata hukumu zote mbili. Del Trotter, mchuuzi wa Peckham, kusini mwa London, huuza bidhaa za asili isiyojulikana pasipo leseni wala kulipa kodi. Kwa hivyo huchukuliwa kuwa zao la utawala wa Margaret Thatcher. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Mchuuzi mjanja wa aina hiyo alijulikana London tangu uhaba wa Vita Vikuu vya Pili, na Sullivan, aliyezaliwa Balham mwaka 1946, hakuhitaji Thatcher ili amfahamu.

Kilichoigeuza kazi hii hakikutoka bungeni. Mnamo Desemba 1984, msururu wa nne ukiwa unarekodiwa, Lennard Pearce, mwigizaji wa Babu, alifariki dunia. Mazoea ya fani yangemruhusu mwandishi kumtafuta mwigizaji mwingine, au kumwondoa mhusika kwa sentensi moja. Sullivan aliandika mazishi. Katika sehemu iliyoonyeshwa Februari 1985, Del na nduguye Rodney wanaitupa kofia ya Babu kaburini kwa heshima. Punde kasisi anaulizia kofia yake. Kicheko hicho hakiufuti msiba. Kinamwacha mtazamaji palepale makaburini, akiwa hana hakika kama ana ruhusa ya kucheka.

Uzito wenyewe uko nyumbani, baada ya maziko. Rodney anakasirika kumwona nduguye akichangamka na wageni. Del anamjibu kuwa tangu ujana wake, walipofiwa na mama na kuachwa na baba, yeye ndiye amekuwa nguzo ya wengine, wala hajui kuwa vinginevyo. Bashasha ambayo mtazamaji aliizoea kama hila ya sokoni inapata chanzo chake: ni kinga ya kijana aliyelazimika kuwa mzazi. Katika mazishi hayohayo anaingia Albert, nduguye marehemu, ambaye Mswahili angemwita babu na Waingereza wanamwita mjomba. Pengo linazibwa, lakini halifichwi.

Tarehe 29 Desemba 1996, watazamaji wapatao milioni 24.3 waliona ndugu hawa wakipata mamilioni kwa kuuza saa ya kale iliyotupwa gerejini mwao. Wahakiki wa siasa huishia kwenye mnada huo. Ndiyo maana hulipita tukio la mwanzoni mwa sehemu hiyohiyo, lenye thamani kubwa zaidi kifani. Mke wa Rodney ameharibikiwa na mimba, naye Rodney amekataa kulitaja jambo hilo. Del anaikwamisha lifti makusudi, kisha anajifanya kuwa imeharibika, mpaka nduguye, asiye na pa kukimbilia, anaanza kusema. Mwaka 1985 Rodney ndiye aliyemdai Del machozi. Sasa zamu imegeuka, na ujanja uleule uliouza bidhaa mbovu mtaani Peckham unatumika kumfungua mfiwa kinywa.