Njia za miguu za nyanda za juu za Ngorongoro

Njia za miguu za nyanda za juu za Ngorongoro ni vijia vinavyopita katika misitu, kingo za kasoko na sehemu chepechepe za milima ya volkeno iliyopo kati ya mji wa Karatu na Ziwa Natron, mkoani Arusha, kaskazini mwa Tanzania. Zinazojulikana zaidi ni njia ya Endoro iliyoko juu ya Karatu, njia ya Olmoti inayoanzia Nainokanoka, na njia ya kushuka hadi ziwa la Empakaai. Sehemu kubwa ya njia hizo imo ndani ya Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, ambako mtembeaji hufuatana na askari wa hifadhi mwenye silaha. Msitu zinamopita ndio chanzo cha sehemu kubwa ya maji yanayotumiwa na watu na wanyama wa wilaya za Karatu na Ngorongoro.

Jiografia na mvua

Milima ya Ngorongoro ilitokana na volkeno zilizolipuka pembezoni mwa Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Kilele cha juu kabisa ni Loolmalasin chenye zaidi ya mita 3,600 juu ya usawa wa bahari. Oldeani, Lemagarut, Olmoti na Empakaai nazo zinazidi mita 3,000. Kasoko kubwa ya Ngorongoro, ambayo watu wengi huiita kreta, ina kina cha mita 600 hivi, na sakafu yake ina eneo la kilomita za mraba 260 hivi.

Upepo unaotoka Bahari ya Hindi hukutana na milima hii, hupanda, hupoa, na unyevu wake hugeuka ukungu na mvua. Kwa sababu hiyo miteremko ya mashariki na kusini ina msitu mnene, wakati upande wa magharibi umo katika kivuli cha mvua. Bonde la Olduvai na tambarare zinazoelekea Milima ya Gol na kata ya Piyaya ni nchi kavu ya majani mafupi, inayofaa ufugaji wa kuhamahama kuliko kilimo. Tofauti hiyo kubwa hutokea ndani ya wilaya moja, na mtu anayesafiri kwa gari kutoka tambarare hadi ukingo wa kasoko huiona kwa siku moja.

Mvua za vuli hunyesha hasa Novemba na Desemba, na masika kuanzia Machi hadi Mei. Miezi ya Juni hadi Oktoba ni mikavu zaidi na njia hupitika kwa urahisi. Hata hivyo, baridi huwa kali kati ya Juni na Agosti, na asubuhi ukungu huweza kufunika msitu wote.

Msitu

Msitu wa miteremko hiyo huitwa Msitu wa Hifadhi wa Nyanda za Juu Kaskazini. Sehemu za chini zina miti ya majani mapana kama Croton macrostachyus, Albizia gummifera na Nuxia congesta. Juu zaidi kuna mitarakwa (Juniperus procera), na katika sehemu za mwinuko mkubwa hupatikana Hagenia abyssinica. Kwenye ukingo wa mashariki wa kasoko kuna migunga yenye vilele bapa (Vachellia lahai). Matawi ya miti mingi yamefunikwa na nyuzi za kijivu zinazoning'inia kama ndevu. Hizo ni kuvumwani, viumbe vinavyopata unyevu wao kutoka katika ukungu.

Mlima Oldeani una msitu wa mianzi, na jina lake katika lugha ya Kimaasai lina maana ya mianzi. Mwaka 2013 wataalamu wa mimea waliiweka mianzi ya milima ya Afrika katika jenasi mpya, wakaiita Oldeania kutokana na mlima huu. Mianzi hiyo sasa huitwa Oldeania alpina popote inapoota, ikiwemo milima ya Kenya, Uganda na Ethiopia.

Wanyama wanaoishi msituni ni pamoja na tembo, nyati, pongo, chui, nyani na kima. Kati ya ndege wake, hondohondo husikika kabla ya kuonekana. Shorobo hutambulikana kwa wekundu wa mabawa yake anaporuka.

Njia kuu

Endoro

Njia ya Endoro ndiyo iliyo karibu zaidi na mji wa Karatu. Huanzia kwenye mpaka wa mashamba na msitu, ikapanda kufuata bonde la kijito cha Endoro. Kwa sehemu kubwa hufuata mapito ya nyati na tembo, kwa hiyo ni nyembamba, na baada ya mvua huwa na utelezi. Matembezi ya kwenda na kurudi huchukua saa mbili hadi nne kwa mwendo wa kawaida.

Vivutio vyake viwili ni maporomoko ya maji na mapango ya tembo. Mapango hayo ni mashimo makubwa katika ukingo wa udongo wa volkeno. Tembo huchimba udongo kwa pembe zao, huuokota kwa mkonga na kuula. Sababu yake ni chumvi. Mvua nyingi husafisha madini kutoka katika udongo wa juu, na majani ya msituni huwa na sodiamu kidogo kuliko mnyama mkubwa anavyohitaji. Tembo hupata upungufu huo katika tabaka za chini. Nyati na wanyama wengine hufuata na kulamba mahali palipochimbwa. Vizazi vingi vya tembo vimerudi kwenye ukingo uleule, na ndivyo mashimo yalivyopanuka hata yakaitwa mapango. Tabia kama hiyo inajulikana pia katika pango la Kitum kwenye Mlima Elgon nchini Kenya, ambako tembo huingia gizani kutafuta chumvi katika kuta za mwamba.

Olmoti

Njia ya Olmoti huanzia kijiji cha Nainokanoka, kaskazini mwa kasoko ya Ngorongoro. Ni njia fupi. Mtu mwenye afya ya kawaida hufika ukingoni kwa muda wa saa moja hivi, ingawa hewa nyepesi ya mwinuko huo huwachosha wasioizoea. Kasoko ya Olmoti haina kina kirefu, na sakafu yake ni uwanda wa majani unaokusanya maji ya mvua. Kutoka hapo Mto Munge hutoka kupitia ufa katika ukuta wa kusini, huanguka kwa maporomoko, kisha huteremka hadi ndani ya kasoko ya Ngorongoro na kuishia katika Ziwa Magadi la humo.

Empakaai

Kasoko ya Empakaai ina kipenyo cha kilomita 6 hivi, na karibu nusu ya sakafu yake ni ziwa la magadi. Tofauti na maziwa mengi ya magadi ya Bonde la Ufa, ambayo maji yake ni ya kina kifupi, ziwa hili lina kina cha mita 80 hivi. Njia hushuka mita 300 hivi kupitia msitu wa ukuta wa kasoko hadi ufukweni, ambako mara nyingi kuna heroe wengi. Kupanda huchukua muda mrefu kuliko kushuka, na wanaochelewa kuondoka ufukweni huweza kukutwa na giza msituni. Siku isiyo na mawingu, kutoka ukingoni huonekana Ol Doinyo Lengai, yaani "Mlima wa Mungu" kwa Kimaasai, volkeno hai ambayo ililipuka kwa nguvu mwaka 2007 na 2008.

Safari ndefu

Baadhi ya watembeaji huunganisha njia hizi kwa safari ya siku kadhaa. Huanzia Nainokanoka, hupitia Bulati na Empakaai, huteremka hadi Naiyobi, kisha hufika Engare Sero karibu na Ziwa Natron. Mizigo hubebwa na punda wanaoongozwa na wenyeji Wamaasai. Katika safari hiyo mtembeaji hutoka kwenye msitu wa ukungu akafika nchi ya joto na vumbi bila kupanda gari.

Maeneo chepechepe

Maji yanayonyonywa na msitu hujitokeza tena mahali pa chini. Ndani ya kasoko ya Ngorongoro kuna chemchemi ya Ngoitokitok, bwawa la Gorigor, bwawa la Mandusi na msitu wa Lerai. Jina Lerai ni la Kimaasai na humaanisha mgunga wa gome la manjano (Vachellia xanthophloea), mti unaopenda ardhi yenye maji. Watalii hawaruhusiwi kutembea kwa miguu katika sakafu ya kasoko. Mabwawa hayo huonekana kwa karibu kutoka ndani ya gari, au kwa mbali kutoka ukingoni.

Tangu miaka ya 1970 migunga mingi ya Lerai imekufa. Watafiti wamehusisha jambo hilo na kuongezeka kwa chumvi ardhini, mabadiliko ya mtiririko wa maji, na tembo wanaovunja matawi na kubandua magome.

Nje ya kasoko, maji ya milima hii hujitokeza katika chemchemi za Mang'ola karibu na Ziwa Eyasi, ambako hutumika kumwagilia mashamba ya vitunguu. Hujitokeza pia chini ya ukuta wa Bonde la Ufa katika Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara, ambako huotesha msitu wa maji ya ardhini hata wakati wa kiangazi.

Taratibu na usalama

Anayetaka kutembea hulipa ada kwa Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro na kupangiwa askari. Silaha ya askari ni kinga ya mwisho. Kazi yake kubwa ni kusoma nyayo na mavi, kusikiliza, na kuamua ni lini kundi lisimame au lirudi. Mnyama anayeogopwa zaidi msituni ni nyati dume aliye peke yake, kwa kuwa hulala kichakani na mara nyingi huonekana akiwa karibu mno.

Watembeaji hushauriwa kuanza asubuhi, kukaa pamoja nyuma ya askari na kuongea kwa sauti ya chini. Viatu vinavyofunika kifundo, mikono mirefu na koti la mvua vinahitajika, kwa kuwa kuna mimea inayowasha na hali ya hewa hubadilika haraka. Katika njia za Olmoti na Empakaai, zilizo katika mwinuko mkubwa, ni vyema kupanda polepole na kunywa maji mara kwa mara.

Watu na mpaka wa msitu

Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro lilianzishwa mwaka 1959 kwa lengo la kuunganisha uhifadhi na maisha ya wafugaji, wengi wao Wamaasai. UNESCO iliiweka katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1979. Nje ya mpaka wa kusini wanaishi wakulima, hasa Wairaqw, wanaolima mahindi, maharage, ngano na kahawa. Mashamba yao yamefika hadi ukingo wa msitu, na katika sehemu nyingi mpaka ni mstari unaoonekana wazi: upande mmoja miti, upande wa pili matuta.

Mpaka huo una gharama kwa pande zote mbili. Tembo na nyati hutoka usiku na kuharibu mazao, na mkulima aliye jirani na msitu hulazimika kukesha shambani wakati mahindi yanapokomaa. Kwa upande mwingine, ukataji wa miti hupunguza uwezo wa miteremko kushika maji. Udongo unaochukuliwa na mvua kutoka mashamba ya Karatu huishia katika Ziwa Manyara.

Ndani ya hifadhi, mwaka 2022 serikali ilianza kuwahamishia baadhi ya wakazi katika kijiji cha Msomera, wilayani Handeni, mkoa wa Tanga. Serikali imesema uhamaji huo ni wa hiari na unalenga kuokoa hifadhi, lakini wakazi wengi na watetezi wa haki za binadamu wameupinga. Matokeo yake yanagusa pia vijiji ambako njia za miguu zinaanzia, ambavyo hutoa waongozaji na punda.

Wanafunzi wa Karatu wanaopelekwa Endoro kwa ziara ya masomo huweza kuona kwa saa chache mambo wanayofundishwa darasani: mvua ya milima, mmomonyoko wa udongo na mzunguko wa maji. Kijito kinachoanguka katika maporomoko hayo hutiririka kuelekea mashamba na nyumba zilizo chini ya mlima.

Tazama pia

Hifadhi ya Ngorongoro
Wilaya ya Karatu
Ziwa Empakai
Ol Doinyo Lengai
Orodha ya milima ya Tanzania