Kipindi cha Mwisho, Ijumaa

Katika ratiba za shule zetu za msingi kulikuwa na kipindi kimoja kilichowekwa mwisho wa wiki, Ijumaa, wakati watoto wamechoka na mwalimu anafikiria safari ya kwao. Kilikuwa kipindi cha sanaa na kazi za mikono. Nilipoanza kufundisha vijijini Nachingwea mwaka 1973 nilikabidhiwa kipindi hicho kwa sababu moja tu: nilikuwa mgeni, na wenzangu hawakukitaka. Ruangwa wakati ule ilikuwa bado ndani ya wilaya yetu. Ilikuja kuwa wilaya yake katikati ya miaka ya 1990, na kazi imenizungusha pande zote mbili.

Chuoni nilifundishwa kuchora kitu ubaoni ili watoto wakinakili. Basi nikachora nyumba yenye bomba la moshi juu ya paa. Watoto arobaini wakachora nyumba arobaini za aina hiyo, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona.

Nje ya darasa mambo yalikuwa mengine. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951 baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30, ulituachia majengo, barabara na tuta la reli ambayo nayo iling'olewa baada ya Uhuru. Wavulana walikusanya nyaya popote walipozipata wakatengeneza malori. Nilishika lori la mtoto wa darasa la tatu nikakuta usukani wake unageuza kweli magurudumu ya mbele. Lilikuwa lori la jeshi, kwa kuwa wapiganaji wa FRELIMO walikuwa na kambi yao Nachingwea na watoto waliyaona malori hayo kila mara. Nikamwuliza nani amemfundisha. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa nani amemfundisha kutembea.

Tangu siku hiyo nikaacha kuchora ubaoni.

Vifaa havikuwepo. Nilipewa kalamu za risasi kumi na mbili kwa darasa zima, nikazikata katikati. Karatasi tulichana kutoka mifuko ya saruji. Rangi tulipata kwa mkaa, udongo mwekundu, majivu na maji ya kisamvu kilichotwangwa. Brashi ilikuwa kijiti kilichotafunwa ncha kama mswaki. Mtoto mmoja alijaribu utomvu wa ganda la korosho, ambao kwa hakika huacha doa zuri la kahawia, lakini uliunguza vidole vyake na nikaitwa nyumbani kwao kujieleza.

Kisha nikamwalika bibi mmoja mfinyanzi. Alikaa chini ya mwembe, akaujenga udongo kamba juu ya kamba bila gurudumu wala kipimo, akaulainisha kwa kokoto ya mtoni na kutia nakshi shingoni kwa gunzi la mahindi. Mtoto alipokosea nikanyoosha mkono kumsahihisha. Bibi akasema, "Mwalimu, mwache. Kikipasuka atajua mwenyewe." Tulichoma vyungu thelathini na kimoja kwa kuni na nyasi. Vilitoka salama tisa. Waliopasukiwa walibeba vigae vyao nyumbani.

Wapo wanaosema Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ndiyo iliyoua sanaa kwa kuigeuza kuwa kilimo. Sikubaliani nao. Siasa ile ilitutaka tutumie mikono. Sisi walimu ndio tuliodhani mkono umeumbiwa jembe na ufagio tu. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, si mbali na kwetu, alikuwa tayari amechora wanyama wake kwa rangi za baiskeli kule Dar es Salaam tangu mwaka 1968, na akafa kwa risasi za polisi mwaka 1972. Kwetu shuleni hakuna mwalimu aliyemtaja.

Mwaka 1977 ukaja mpango wa elimu ya msingi kwa wote, jambo jema, na madarasa yakafurika. Mwaka 1979 nikahamishiwa upande wa Ruangwa. Huko msichana wa darasa la nne aliniletea jiwe la kijivu, laini, linalong'aa na kuchafua vidole. Alilisugua juu ya karatasi likaacha mstari mweusi. Tulilitumia muhula mzima bila kujua ni kitu gani.

Leo kila mtu Ruangwa anajua jina lake: kinywe. Matambarale na Chilalo yamo katika ramani za wachimbaji kwa ajili ya madini hayo. Mwaka 1795 Mfaransa Nicolas-Jacques Conté alipata hataza ya kuchanganya unga wa kinywe na udongo wa mfinyanzi, kisha kuuchoma, na hivyo ndivyo kalamu za risasi zinavyotengenezwa hata sasa. Nami nilikuwa nikizikata kalamu kumi na mbili katikati, vyote viwili vikiwa ardhini kwetu!

Mwaka 1982 nilikuwa mwalimu mkuu. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa wa hisabati, lugha na maarifa, sanaa haikutahiniwa. Wazazi walitaka watoto wachaguliwe, ofisi ilitaka hesabu ya waliochaguliwa, nami nikakifuta kipindi cha Ijumaa nikaweka hisabati. Hakuna aliyenilazimisha. Msichana yule, sasa yuko darasa la saba, nilimkuta akichora nyuma ya daftari la hisabati. Nililitupa jiwe lake dirishani mbele ya wenzake. Mwaka ule walichaguliwa wawili kwenda sekondari ya serikali. Mwaka uliotangulia alichaguliwa mmoja. Yeye hakuwamo.

Mtaala wa mwaka 2023 umerudisha sanaa, safari hii pamoja na michezo, na vitabu vyake nimeviona mikononi mwa wajukuu. Ni vizuri. Natazama tu kimewekwa siku gani katika ratiba.

Nilionana na msichana yule, sasa mama mtu mzima, gulioni Ruangwa mwaka 2009, karibu na kustaafu kwangu. Alikuwa akiuza vyungu, kila kimoja na nakshi yake shingoni. Akanipa shikamoo. Nikachagua viwili nikaomba anipunguzie bei. Akacheka, akavifunga kwa nyasi, na hakupunguza hata shilingi.