Jarida Ambalo Halikufika Ugweno: Hamu ya Kompyuta za Kale na Nafasi ya Msomaji Mtengenezaji

Ikisiri

Kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980, michezo yake na majarida yake zimezua hamu kubwa ya zamani katika nchi zilizoendelea kiviwanda. Makala haya yanauliza hamu hiyo ina maana gani kwa Ugweno, katika milima ya Upare Kaskazini, wilayani Mwanga, ambako mashine hizo hazikuwa sehemu ya maisha ya nyumbani zilipokuwa mpya. Tunadai kwamba urithi wenye thamani kwetu ni jarida lililomfundisha msomaji kuandika mchezo wake mwenyewe. Tanzania ya wakati ule ilikuwa na wasomaji na ilikuwa na redio, lakini mashine na jarida havikuwapo. Kompyuta za mtumba zilipokuja baadaye, zilileta mchezo bila maarifa ya kuutengeneza. Historia hiyo ndiyo tunayopaswa kuihifadhi na kuifanyia kazi.

Utangulizi

Watu waliokuwa watoto Uingereza, Ujerumani au Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980 sasa wako katika umri wa kukumbuka, na wanakumbuka kwa bidii. ZX Spectrum na Commodore 64, kompyuta zilizotoka mwaka 1982, zimetengenezwa upya na zinauzwa madukani. Jarida la Retro Gamer, lililoanzishwa Uingereza mwaka 2004, limejengwa juu ya michezo ya enzi hiyo. Majarida ya wakati ule, kama Crash, Zzap!64 na BYTE, yamepigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kuwekwa katika hifadhi ya Internet Archive. Kijana wa Kifula au Shighatini, huku Ugweno, mwenye simu na kifurushi cha data anaweza kuyafungua leo hii.

Akiyafungua, anakumbuka nini? Arjun Appadurai, katika kitabu chake cha mwaka 1996, Modernity at Large, alieleza jinsi watu wanavyoweza kutamani zamani ambayo hawakuiishi, akitoa mfano wa Wafilipino wanaoimba nyimbo za Kimarekani za miaka iliyopita kwa ustadi mkubwa. Svetlana Boym, mwaka 2001, alitenganisha hamu inayotaka kuijenga upya jana na hamu inayoitafakari jana na kuihoji. Kwa Ugweno aina ya kwanza haina pa kushika, kwa kuwa hakuna sebule ya mwaka 1982 yenye kompyuta ya kurudishwa. Aina ya pili ina kazi kubwa ya kufanya. Inatuwezesha kuuliza ni kitu gani hasa kilitupita, kwa nini kilitupita, na kama bado kinapatikana.

Jarida lilikuwa karakana

Ukurasa mmoja wa jarida la mwaka 1983 au 1984 unatosha kuonyesha jambo lenyewe. Katikati ya matangazo na barua za wasomaji kulikuwa na kurasa zilizojaa mistari ya programu katika BASIC, lugha iliyobuniwa mwaka 1964 na John Kemeny na Thomas Kurtz katika Chuo cha Dartmouth, Marekani, ili hata mwanafunzi asiyesoma sayansi aweze kuiamuru kompyuta. Kila mstari ulikuwa na namba: 10, 20, 30. Namba ziliruka kumi kumi ili mstari mwingine, wa 15 au 25, uweze kuchomekwa baadaye. Nafasi ya kuongeza ilikuwamo ndani ya programu yenyewe, na yeyote aliyeisoma aliweza kuitumia.

Mtoto aliketi na kucharaza mistari hiyo mmoja baada ya mwingine. Akiweka koma mahali pa nukta, programu iligoma na mashine ikamtajia mstari uliogoma. Alirudi kwenye ukurasa, akalinganisha, akasahihisha. Mara nyingine kosa lilikuwa la wachapaji, na masahihisho yalitoka katika toleo lililofuata. Mchezo ulipokubali kucheza, mtoto alikuwa ameshapita kwenye kila mstari wake. Alijua ni wapi panapoamua mchezaji ana maisha mangapi, na kutoka hapo kubadili 3 kuwa 30 ilikuwa hatua moja tu.

Kumbukumbu zinazouzwa leo hupenda majalada yenye rangi na muziki wa michezo, lakini kazi hii ya mikono na macho ndiyo iliyokuwa kiini. Jarida lilimchukulia msomaji kuwa fundi mwanafunzi. Lilimpa kitu kilicho wazi, likamruhusu kukivunja, likamwonyesha namna ya kukitengeneza. Mazingira hayo ndiyo yaliyolea waandishi wengi wa programu wa kizazi hicho.

Nyumba ya Ugweno mwaka 1982

ZX Spectrum, kompyuta ya kampuni ya Sinclair, iliuzwa Uingereza kwa pauni 125 ikiwa na kumbukumbu ya kilobaiti 16, au pauni 175 kwa ile ya kilobaiti 48. Bei ilikuwa ndogo kwa sababu mnunuzi alipata kibodi tu yenye ubongo ndani yake. Kioo chake kilikuwa televisheni ya sebuleni, na programu zilihifadhiwa kwenye kanda za redio kaseti ya kawaida. Aliyeitengeneza alichukulia kwamba umeme, televisheni na redio kaseti tayari vimo nyumbani.

Tukivitafuta vitu hivyo katika Tanzania Bara ya wakati huo, tunapata kimoja tu kilichoenea. Redio zilikuwapo, zikiwemo zilizotengenezwa Dar es Salaam na kiwanda cha Matsushita zikiwa na chapa ya National, na betri ziliwezesha redio kufika hata kwenye nyumba isiyo na umeme. Televisheni haikuwapo. Zanzibar ilikuwa na kituo chake cha rangi tangu mapema miaka ya 1970, lakini Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Kompyuta nayo ilikuwa imezuiwa kwa amri ya serikali.

Historia ya zuio hilo inafahamika, na Klodwig Mgaya ni miongoni mwa wasomi walioieleza. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Hazina mwaka 1965. Mradi wa kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine haukwenda vizuri. Fedha nyingi zilipotea, na utegemezi kwa wataalamu wa nje ukawa mkubwa. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni, isipokuwa kwa kibali maalumu. Waziri wa Fedha wa miaka hiyo alikuwa Cleopa Msuya, mzaliwa wa Usangi, jirani kabisa na Ugweno. Hatumtaji ili kumtwisha uamuzi uliokuwa wa serikali nzima. Tunamtaja kwa sababu Upare Kaskazini haikuwa pembezoni mwa historia hii. Mtoto wa milima hii alikuwa katika wizara ambamo tatizo lilianzia.

Zuio hilo halikuwa la kipuuzi. Fedha za kigeni za nchi zilitoka katika mazao kama kahawa, ambayo Wagweno wenyewe waliilima kwenye mashamba yao ya migomba. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, nchi ilikosa hata sabuni na sukari madukani. Hakuna mtu mwenye haki ya kudai kwamba fedha za kahawa zingepaswa kuwanunulia watoto vyombo vya michezo.

Hata hivyo nchi hiyohiyo ilikuwa na hazina nyingine. Kwa takwimu rasmi, watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walipungua kutoka takriban theluthi mbili mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi karibu asilimia 10 mwaka 1986. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya takriban watu milioni mbili katika vikundi. Kikundi kiliketi kuizunguka redio, kikasikiliza kipindi, kikafungua kijitabu, kikajadili, kisha kikaenda kuchimba choo. Maandishi, sauti na kazi ya mikono vilifungamana katika somo moja. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa jarida la kompyuta. Tanzania iliujua vizuri na kuufanya kwa ukubwa ambao majarida ya London hayakuufikia.

Fundisho kutoka Yugoslavia

Yugoslavia, rafiki wa Tanzania katika harakati za nchi zisizofungamana na upande wowote, nayo ilibana uingizaji wa kompyuta. Mwaka 1983 mhandisi Voja Antonić alibuni kompyuta rahisi iliyoitwa Galaksija, na michoro yake yote ikachapishwa katika toleo maalumu la jarida, lililoandaliwa na Dejan Ristanović, ili msomaji aiunganishe mwenyewe nyumbani. Watu zaidi ya 8,000 waliagiza vifaa vyake. Mtangazaji Zoran Modli wa Redio Belgrade alirusha hewani milio ya programu, na wasikilizaji wakairekodi kwenye kanda zao. Kanda iliyorekodiwa redioni iliingia kwenye kompyuta na kuwa mchezo.

Hatuwezi kulinganisha Belgrade na Ugweno bila tahadhari. Nyumba za kule zilikuwa na umeme na televisheni, viwanda vya vifaa vya elektroniki vilikuwapo, na mipaka ya Ulaya ilipitika. Hata hivyo mfano huu unaonyesha kwamba zuio la forodhani halifungi mlango wa maarifa pale ambapo kuna jarida linaloeleza na redio inayosaidia. Redio tulikuwa nayo, na wasomaji tulikuwa nao. Maandishi ya kuwakabidhi ndiyo yaliyokosekana.

Mchezo ulifika peke yake

Zuio lililegea taratibu na kuondoka katika miaka ya 1990, na sera ya kwanza ya taifa ya teknolojia ya habari na mawasiliano ikatolewa mwaka 2003. Kompyuta zilizoanza kuonekana katika shule na ofisi nyingi zilikuwa za mtumba au za msaada, zenye Windows 95 au 98. Kwa vijana wengi wa Tanzania, kumbukumbu ya kwanza ya kompyuta ni Solitaire na mchezo wa kutegua mabomu, Minesweeper.

Undani wa mashine hizo unaeleza mengi. Michezo hiyo ilikuja na Windows yenyewe. QBasic, chombo cha kuandikia programu kilichokuja na MS-DOS tangu toleo la 5 la mwaka 1991, haikuwekwa kwenye diski ya mashine mtu alipoweka Windows 95 upya. Iliachwa kwenye CD, ndani ya folda iitwayo OLDMSDOS. Kompyuta ya mtumba iliyosafiri bila CD yake iliacha QBasic nyuma. Mchezo ulifika, na kilichomwezesha mtoto kuandika wake kikabaki katika nchi ilikotoka mashine.

Yaliyofuata yaliendeleza hali hiyohiyo. Vibanda vya gemu mijini vililipiwa kwa mechi, na muda wa mchezaji ulikuwa wa kucheza tu. Mchezo wa nyoka kwenye simu za Nokia ulifika kila mahali palipofika mtandao wa simu, ukiwa umefungwa kabisa. Furaha ya watoto ilikuwa ya kweli na inastahili heshima, lakini nafasi ya mstari wa 15 ilikuwa imeondolewa.

Pingamizi na majibu

Wapo watakaosema kwamba kutamani mashine za kale ni anasa ya walioshiba, na kwamba kijana wa leo ahimizwe kujifunza teknolojia ya leo. Tunakubali kwamba kurundika mashine mbovu hakumsaidii mtu. Lakini teknolojia ya leo hujificha ndani ya simu isiyofunguka, na kwa anayeanza, kompyuta ya miaka ya 1980 ina faida ya kuwa ndogo kiasi cha kueleweka yote. Programu huru za kuiga mashine hizo zinapatikana bila malipo na zinahitaji kompyuta ya kawaida tu. Somo la kale linaweza kufundishwa kwa chombo cha sasa.

Pingamizi zito zaidi linadai kwamba utengenezaji ni utamaduni wa wengine na kwamba milima hii imezoea kupokea. Historia inakataa. Isaria Kimambo, katika utafiti wake kuhusu siasa za Wapare uliochapishwa mwaka 1969, alionyesha nafasi ya Washana, ukoo wa wafua chuma, katika dola ya Ugweno. Chuma cha Upare kiliwafikia majirani wa Kilimanjaro. Ujuzi wa Washana ulirithishwa ndani ya ukoo, kwa kukaa karibu na anayefua na kuona. Baadaye fundi redio wa sokoni alijifunza vivyo hivyo, kwa kufungua, kuchunguza na kuunganisha tena. Jarida la kompyuta liliongeza jambo moja ambalo kiwanda cha Washana hakikuwa nalo: ujuzi ulioandikwa kwa ajili ya yeyote anayejua kusoma.

Hitimisho

Yanayostahili kufanywa ni mambo mawili, na yote yako ndani ya uwezo wetu. La kwanza ni kuikusanya kumbukumbu iliyo yetu. Walimu waliopokea kompyuta za kwanza za shule, mafundi waliozifufua na waliofungua vibanda vya gemu, wengi wao bado wako hai. Wahojiwe kwa Kiswahili, na kwa wazee kwa Kigweno, lugha ambayo yenyewe inahitaji kurekodiwa. Madaftari ya masomo ya kompyuta, miongozo na CD zitafutwe kabla hazijawa taka. Humo iingie pia Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa historia ya kompyuta ya Waswahili, nakala yake ni kumbukumbu yenye uzito kuliko Commodore 64.

La pili ni kuliandika lile jarida. Shule ya sekondari yenye mwalimu mmoja mwenye moyo na mashine chache inaweza kutoa kurasa nne kwa muhula, kwa Kiswahili, zenye programu fupi za kucharaza, makosa ya kutafuta na barua za wanafunzi wa shule jirani. Gharama yake ni karatasi na muda. Hamu ya zamani ikiishia kwenye kutazama majalada ya Kiingereza, itatufanya wageni katika utoto wa watu wengine. Ikituongoza kuandika kurasa hizo nne, wanafunzi wa Ugweno watapata kile ambacho wazee wao walikuwa tayari kukipokea tangu mwaka 1982, wakiwa wanajua kusoma na wakiwa na redio zao mezani.